Koti refu halivaliki Buhongwa

Kwa wiki 3 sasa jioni zangu si zangu tena. Nikishatuma habari za siku na mhariri akaridhika (au akachoka, maana wakati mwingine huwezi kutofautisha), napanda daladala ya Buhongwa. Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani... nashuka mwisho wa gari, kule ambako jiji la Mwanza linakaribia kukutana na mashamba ya Misungwi. Huko ndiko alikopanga mdogo wangu na wenzake wawili, wanafunzi wa chuo.

Wamepewa kazi ya darasani: waandae dakika 2 za mwanzo wa filamu. Si filamu nzima jamani, ni mwanzo tu. Masharti ni mawili. Iwe ya mtindo wa film noir, na waonyeshe kwa maandishi kwamba wamewauliza watazamaji kabla hawajashika kamera. Mimi nimeburutwa humo kwa hoja moja: "Kaka, wewe kuuliza watu ndiyo kazi yako." Ningekataaje?

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jina. Maana yake kwa Kifaransa ni filamu nyeusi, na linatamkwa karibu na "nwari", kwa hiyo mimi nitaandika nwari ili tusichoshane. Waliotengeneza filamu zenyewe Hollywood miaka ya 1940 hawakujua kwamba wanatengeneza nwari. Wao walikuwa wanatengeneza filamu za uhalifu. Ni mwaka 1946, vita vimekwisha na filamu za Marekani zimeanza tena kuingia Paris, ndipo mhakiki Nino Frank alipoziangalia na kuziita hivyo. Ziko nyeusi kwa picha, nyeusi kwa mambo yaliyomo. Usiku mwingi, mvua, kivuli cha dirisha ukutani, mwanamume mwenye siri, mwanamke anayemponza, na sauti inayosimulia yaliyokwisha kuharibika.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitaji, nami niliwaambia vijana wangu siku ya kwanza kabisa. Mtindo huu haukuzaliwa kwenye fedha nyingi. Wengi wa waliouunda walikuwa wakimbizi: Billy Wilder, Fritz Lang na Robert Siodmak waliikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Marekani na mikoba na kumbukumbu za filamu za Berlin zenye vivuli vikali. Wakati wa vita serikali ya Marekani ilibana vifaa vya kujengea seti. Halafu kulikuwa na filamu za daraja la pili, zilizopigwa haraka na kwa bei chee. Edgar Ulmer alipiga Detour mwaka 1945 kwa bajeti ndogo mno, na kila asichoweza kukijenga alikifunika kwa ukungu na giza. Giza ni bure. Kwa mwanafunzi wa Buhongwa mwenye simu moja nzuri na taa mbili za kuazima, hii ni habari njema kweli kweli.

Sasa njooni kwenye mpango wao wa kwanza. Waliuchora vizuri, picha kwa picha, kwenye daftari la hesabu. Mwanamume amevaa koti refu na kofia. Anavuta sigara kwenye baa. Kivuli cha pazia la vipande kinamkata usoni. Nje mvua inanyesha. Anaingia dada mwenye gauni jekundu, anakaa, anasema neno moja. Giza. Jina la filamu.

Umeona wapi hii? Kila mahali! Na si dhambi, kila anayejifunza huanza kwa kunakili. Lakini sharti la pili lilikuwa bado linawasubiri, la kuuliza watu.

Dodoso lao lilianza na swali hili: "Je, unapenda filamu nyeusi?" Jamaa wa bodaboda pale stendi alilisoma, akalirudia, akauliza, "Hizi za Wanaijeria?" Mwingine akasema anapenda, hasa za wachekeshaji. Mama lishe mmoja akajibu kwamba yeye si mbaguzi, anapenda filamu za rangi zote. Tulicheka hadi machozi, lakini hapo kuna somo ambalo kila ripota analijua: ukimuuliza mtu kwa istilahi yako, atakujibu kwa adabu yake. Hutapata anachokijua.

Tukalitupa dodoso lile. Tukabaki na maswali mafupi tu. Usiku gani uliwahi kukuogopesha hapa mtaani? Ulisikia nini kabla hujaona kitu? Nani huwezi kumfungulia mlango saa 8 za usiku hata kama unamfahamu? Muvi ya mwisho kuiangalia hadi mwisho ni ipi, na uliiangalia wapi? Halafu tunawaonyesha michoro bila kueleza lolote, tunauliza: "Huyu ni nani? Nini kitatokea?"

Tuliuliza wanafunzi wenzao wa Malimbe, vijana wa bodaboda, wateja wa kibanda umiza kimoja, akina mama wanaouza dagaa, fundi cherehani, mlinzi wa duka. Si utafiti wa kitaifa, na haukuhitaji kuwa hivyo. Filamu ya dakika 2 inahitaji kujua kwanza macho ya watu wa mtaa wake.

Koti ndilo lililokufa la kwanza. "Huyu anaumwa malaria," alisema kijana mmoja alipoonyeshwa mchoro. Mwenzake akapinga: "Hapana, huyo ana kitu kaficha. Koti jioni hii, joto hili? Panga hilo." Basi wote wakakubaliana ni jambazi. Yule aliyekusudiwa kuwa mpelelezi mwenye huzuni moyoni, mtaa mzima umemtia hatiani kabla hajafungua mdomo. Kule Los Angeles koti ni koti. Buhongwa koti ni mgonjwa au ni silaha. Vazi halisafiri na maana yake.

Mvua nayo ikakataliwa, ila kwa sababu ya kupendeza. Mvua kwa watu wetu si huzuni. Mlinzi wa duka alisema usiku wa mvua kubwa ndio analala kidogo, maana wezi nao wanaogopa kulowa, lakini mchuuzi mmoja akasema mvua ikinyesha mlimani yeye halali, anasikiliza mawe. Mnaoijua Mwanza mnaelewa: nyumba zimepanda hadi juu ya majabali, na maji yakishuka yanashuka kweli.

Lakini msidhani watu walikataa tu. Walitupa vitu ambavyo vijana hawa wasingevipata darasani. Nitavitaja vichache.

Kivuli cha dirisha. Pazia la vipande hawana, ila kila chumba cha kupanga kina nondo dirishani. Bodaboda ikipita nje usiku na taa yake, kivuli cha nondo kinatembea ukutani kutoka kona hadi kona, kinapita juu ya aliyelala. Dada mmoja mwanafunzi alisema huwa anahesabu: kikipita haraka, ni mpita njia. Kikisimama... basi. Hakumalizia sentensi. Wilder alikitumia kivuli cha dirisha kwenye Double Indemnity mwaka 1944, na watu wanakisifu hadi leo. Sisi tumelala chini yake kila siku.

Sauti. Tuliuliza walisikia nini kwanza, wengi wakataja filimbi. Sungusungu walianzia huku kwetu Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na filimbi ya ulinzi usiku bado ina maana mbili kwa pamoja: uko salama, na kuna jambo. Wengine wakataja mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo kila mwanamume akilisikia anatakiwa kutoka nje. Na wachache wakasema si sauti kabisa, ni pale mbwa wanaponyamaza ghafla.

Msimulizi. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba watazamaji wa siku hizi hawapendi sauti ya msimulizi juu ya picha. Watu wetu? Wamelelewa nayo! Kwenye vibanda vya video Tanzania walikuwepo watafsiri, na maarufu kuliko wote Lufufu, ambaye hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anasimulia, anaonya, anamcheka jambazi. Kenya wanaye DJ Afro. Na kabla ya vibanda kulikuwa na vitabu. Fundi cherehani, mzee wa makamo, alipoona mchoro wa mtu gizani alisema, "Huyu kama Willy Gamba." Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974. Kabla yake Faraji Katalambulla alikuwa ameandika Simu ya Kifo mwaka 1965, na baadaye Ben Mtobwa akaandika Dar es Salaam Usiku. Kwa hiyo tusiseme nwari tunaiazima. Tulikuwa tunaisoma kwenye mabasi zamani, ila hatukuiita hivyo.

Na mwanga. Hili naliandika kwa wivu, laiti ningelifikiria mimi. Nenda Luchelele usiku wa giza, simama ufukweni uangalie ziwa. Utadhani kuna mji mwingine huko majini. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi wanatoka siku ambazo hakuna mbalamwezi na taa zao, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, maana dagaa hawaiachi mbalamwezi wakaifuata taa. Yaani nyuma ya mwigizaji wako una taa mamia, hulipii hata moja. Unachohitaji ni kalenda ya mwezi.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kuna mtu atasema: haya yote ya kuuliza watu ni ya nini? Msanii si ana macho yake?

Anayo. Lakini Mwanza imeshawahi kupigwa picha usiku na mwenye macho yake. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya maisha halisi kuhusu sangara, ndege za mizigo na umaskini wa hapa kwetu. Nendeni mkaitazame kwa jicho la nwari: giza, taa ya uwanja wa ndege, wanawake wa baa, mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu. Ilisifiwa sana Ulaya na ikafika hadi kwenye orodha ya kugombea Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Sitaki kufufua ugomvi wa kama ilisema kweli au uongo, kuna mambo mle ambayo sisi waandishi wa hapa tunayafahamu vizuri. Ninachosema ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Watu wa Mwanza walikuwa ndani ya picha, hawakuwa kwenye viti. Vijana wangu watatu wana nafasi ndogo, ya dakika 2, ya kuwaweka kwenye viti.

Sasa nije kwenye jambo lililobadilisha kila kitu, na ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa zamu ya akina mama wa dagaa. Tukasalimia, "Mwadila mayu," wakafurahi, wakatupa ndoo za kukalia. Tukawaonyesha mchoro wa dada mwenye gauni jekundu, yule mwanamke hatari anayetakiwa kumponza shujaa. Mwenzetu akauliza kama kawaida: "Mama, huyu ni nani?" Mmoja, mtu mzima, akauangalia kwa muda. Akasema huyo ni mtoto wa watu anatafuta maisha. Halafu akasema, "Mwanangu, huku kwetu mwanamke anayeogopwa hana gauni zuri. Ni bibi kama mimi. Tazama macho yangu. Moshi huu, miaka yote hii. Lakini wapo wanaosema si moshi."

Kimya kikapita pale.

Wanaotoka Kanda ya Ziwa hawahitaji maelezo. Kwa wengine: kwa miongo mingi huku vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, yanayotokana na kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yote, yamekuwa "ushahidi". Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilipata kuonyesha mamia ya watu wakiuawa kwa imani hizo nchini kwa mwaka mmoja. Ukichimba mara nyingi unakuta mgogoro wa shamba, mirathi, mganga aliyepiga ramli akataja jina, na mtu aliyelipwa. Januari 2015, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yanaitia nchi aibu, serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Magazetini habari ya kikongwe kuuawa hupata aya 4, ukurasa wa mikoani, na kamanda wa polisi anasema uchunguzi unaendelea.

Jioni ile vijana waligombana, na ulikuwa ugomvi mzuri. Mmoja alisema nwari bila mwanamke hatari si nwari, mwalimu atakata alama. Mdogo wangu alisema tusiguse jambo hili kabisa, tutaonekana tunatafuta umaarufu kwa damu za bibi za watu. Dada anayeandika skripti hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Mwanamke hatari kwenye zile filamu, hatari yake ilitoka wapi? Si kwenye vichwa vya wanaume waliomwogopa?"

Nami naona hapo ndipo alipowashinda. Yule dada wa Hollywood ni woga wa wanaume uliovikwa gauni, woga wa wanaume waliorudi vitani wakakuta wake zao wana mishahara. Woga wa kwetu umevikwa kitambaa kichwani na macho ya moshi. Umbo ni lile lile: mwanaume anaharibikiwa, anatafuta mwanamke wa kumtwisha. Tofauti ni kwamba kwetu mwanamke huyo anakufa kweli.

Yupo ambaye amewahi kuiona D.O.A. ya mwaka 1950? Inaanza na mtu anatembea korido ndefu ya kituo cha polisi, anafika kwa mpelelezi, anasema amekuja kuripoti mauaji. Ya nani? Yangu mimi. Kapewa sumu, bado yuko hai. Dada wa skripti alikuwa ameiona darasani. Akaandika hivi:

Giza. Sauti ya maji. Mbali, taa za dagaa. Filimbi moja. Tunakata: chumba, kivuli cha nondo kinatembea ukutani, kinasimama. Mtu anavuta kitambaa kichwani. Miguu ya mtu mzima inapanda njia ya mawe, polepole. Ofisi ya serikali ya mtaa, umeme umekatika, kijana yuko mezani na tochi ya simu. Hamwangalii. "Shikamoo bibi, shida gani?" Anatafuta kalamu. Sauti ya bibi, tulivu kama anaagiza chumvi: "Marahaba. Nimekuja kuandikisha kifo." "Cha nani?" Tochi inapanda usoni kwake kwa mara ya kwanza. Macho mekundu. Giza. Jina la filamu.

Hakuna koti. Hakuna damu. Na mpelelezi wetu, kama yupo, ni huyo kijana anayetafuta kalamu.

Tuliirudisha kwa watu wale wale. Vijana wa bodaboda walinyamaza, halafu mmoja akauliza, "Sasa aliyelipwa ni nani?" Mwenye kibanda alisema ile tochi kupanda usoni itapiga kelele banda zima. Akina mama walitaka badiliko moja tu. Kwenye mchoro bibi alikuwa ameinama, anatetemeka. "Mkalisheni vizuri," yule mama alisema. "Anayekuja kusema hivyo hatetemeki. Ameshamaliza kutetemeka nyumbani." Dada wa skripti akafuta pale pale kwa kifutio.

Wengi pia walitaka muuaji aonyeshwe mapema, ili wamfuatilie. Hapo vijana wamekataa, nami nawaunga mkono. Kuuliza watazamaji si kupiga kura. Wanakuambia wanaogopa nini, wanacheka wapi, koti lina maana gani kwao. Hawawezi kukutengenezea filamu, na wala hawakuomba.

Imebaki kazi yenyewe. Wanafuatilia taratibu za kibali. Mwenyekiti wa mtaa ameshajulishwa, na walinzi wa usiku nao, kwa sababu watu watatu wageni wenye tochi wakizunguka saa 5 za usiku karibu na nyumba ya bibi... mwano ukipigwa hutapata muda wa kueleza kwamba ni kazi ya darasani. Bibi wa kuigiza amepatikana, muumini wa kwaya, sauti ya ajabu. Ameweka sharti kwamba wajukuu wake waisome skripti kwanza, na wameisoma. Sasa tunasubiri mwezi uishe.

Wenzangu mliowahi kupiga picha usiku kwa simu: taa za dagaa zile za mbali, mnazichukuaje bila picha kujaa chenga? Mwenye mbinu asiwe mchoyo. Giza lipo siku chache tu, kisha mbalamwezi inarudi na wavuvi wanabaki nyumbani.